Mwandiko wa Mutindi katika Kitabu cha Wageni

Nyumba ya mawe ya Mzee Thuo kule Mbooni ilikuwa na vyumba vitatu vya kulala, meko ya ukutani, miti ya plamu nyuma ya jiko, na baridi ambayo watu wa Nairobi walitoka kwao kuja kuilipia. Wenyeji walicheka waliposikia hivyo. Mtu mwenye akili zake atoe pesa ili ajifunike blanketi tatu mwezi wa Julai! Lakini magari yaliupanda mlima kila Pasaka na kila Desemba, yakinguruma kwenye kona za udongo mwekundu, na mengine yakisukumwa na walewale waliokuwa wakicheka.

Mutindi alikabidhiwa funguo za nyumba hiyo mwaka wa 1966. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, mjane, na mtoto mmoja wa kike, Kavata, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Mumewe, Mbuvi, aliangukiwa na mti aliokuwa akiukata wa mbao, na ndugu zake hawakungoja hata matanga yaishe kabla ya kumsukumia mjane kwenye kipande cha shamba chenye mteremko ambao ungemtoa mbuzi jasho. Kwa miaka mitatu aliitwa mjane wa Mbuvi, tena kwa ile sauti ya watu wanaokuhurumia huku wakichungulia kama umekuja kuomba chumvi.

Alipopata funguo akawa Mutindi wa nyumba ya wageni. Kanisani akasogezewa nafasi benchi la mbele. Akina mama wa mwethya, wale waliolima pamoja kwa zamu kutoka shamba hadi shamba, wakaanza kumletea barua za watoto wao awasomee na awajibie, maana alikuwa amejifunza kusoma na kuandika Kikamba katika darasa la ubatizo, na mwandiko wake wa penseli, mkubwa, uliosimama wima, ulijulikana mlima mzima. Hakuwa na mali nyingine ila jina hilo jipya. Alilipenda, na hakuona haya kulipenda.

Mwenye nyumba, Mzee Thuo, hakuwa Mkamba. Alikuwa Mkikuyu wa Murang'a aliyeshuka kwenye garimoshi mjini Sultan Hamud akiwa kijana na godoro moja begani, akaanza kwa kuuza misumari, akaishia na duka la vifaa vya ujenzi lenye milango mitatu. Kikamba alikijua hadi utani wake. Kila mwisho wa mwezi alipanda Mbooni na pikapu yake ya Peugeot, akakagua paa, akala muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akaongezwa, kisha akavuta kiti barazani na kuitisha kitabu cha wageni.

Kitabu chenyewe kilikuwa kile kikubwa cha jalada jeusi na pembe nyekundu ambacho wenye maduka huandikia mahesabu. Mgeni akiondoka aliandika jina lake, anakotoka, na neno kuhusu alivyokaa. Msidhani lilikuwa jambo dogo. Mgeni mpya alipofika, kabla hata ya kuvua koti, alikifungua aone wenzake walisema nini, na alichokisoma ndicho alichokiona siku zote alizokaa. Aliyesoma kwamba godoro ni gumu alilala macho akilipapasa, na godoro ni lilelile ambalo mwenzake alilikoromea.

Miezi ile ya mwanzo karibu wote waliandika kwa Kiingereza. Mzee Thuo alivaa miwani, akapitisha kidole chini ya mistari, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Wamefurahi," alikuwa akimwambia Mutindi. "Wanasifu sana."

Basi Agosti ya 1967 akaja daktari wa mifugo na mkewe, wakakaa siku tatu, na moshi wa meko ukawafukuza sebuleni siku zote tatu. Asubuhi ya kuondoka daktari alimwonyesha Mutindi lile bomba la moshi, akamweleza kwa Kiswahili kwamba limejengwa vibaya, na kwamba ameandika yote kitabuni ili mwenye nyumba asome alirekebishe. Mwisho wa mwezi Mzee Thuo akaufikia ukurasa ule. Kidole kikapita chini ya mistari tisa. Akatabasamu.

"Huyu daktari ni mtu mzuri. Anasema hajawahi kulala vizuri namna hii."

Mutindi alikuwa amesimama na birika mkononi. Angeweza kumimina chai akaenda zake. Lakini moshi ulikuwa moshi, na wageni wengine walikuwa wanakuja Jumamosi.

"Mzee," alisema kwa Kikamba, polepole, "hakuna neno hapo kuhusu moshi?"

Kidole kikarudi juu ya ukurasa. Kikashuka tena, safari hii bila haraka, kikasimama katikati. Mzee Thuo akavua miwani akaifuta kwa shati, akaifuta tena.

"Darasa la pili," alisema hatimaye. "Hapo ndipo nilipoachia. Kikuyu nasoma, na Kikamba nasoma kwa sababu ni ndugu yake. Kiswahili nasoma. Hii nyingine naongea kidogo ya dukani, lakini ikiwa imeandikwa siioni." Akafunga kitabu. "Mke wangu hajui. Watoto wangu hawajui. Kila asubuhi wananiona na gazeti la Kizungu mbele yangu. Ukitoa neno hili, Mutindi, nitachekwa kutoka hapa hadi Makindu."

"Sitalitoa."

"Hata nikifa."

"Hata ukifa, Mzee."

Ndipo wakapanga utaratibu wao, na kwa kweli ulikuwa utaratibu mzuri. Mgeni akimaliza siku zake, Mutindi alimwekea chai na ndizi, akakaa naye, akamwambia aseme alivyoona nyumba, kwa Kikamba au kwa Kiswahili, alivyopenda. Yeye angeandika. Wageni walifurahia. Wakamba waliosoma, wenye vyeti vyao vya Makerere, walikuwa hawajawahi kushika kalamu kuandika lugha ya mama zao, na walicheka kuona maneno yao wenyewe yakishuka kwenye karatasi kwa penseli. Mutindi aliandika neno kwa neno, kwa Kikamba, kisha akaandika jina la mgeni na tarehe. Hakuna aliyefikiria kumwambia mgeni aweke sahihi. Mbooni mtu akisema amesema.

Jambo la ajabu likaonekana, ingawa Mutindi hakulichukulia kuwa la ajabu. Watu wakisema kwa Kikamba na chai mkononi walisema mambo ambayo hakuna mtu angeyaandika kwa Kiingereza. Mutie, ofisa wa elimu kutoka Machakos, alisema kwamba tangu mama yake afariki hapakuwa na mtu aliyemwamsha kwa kumwita jina, ila Mutindi, na kwamba aliposikia anaitwa alfajiri ile alinyamaza kitandani makusudi ili aitwe mara ya pili. Kalasinga mmoja, fundi wa magari wa Makindu, alisema kwa Kiswahili chake kwamba mkewe hakuwa amecheka tangu Krismasi, na hapa alicheka kwa sababu ya bata. Mmisionari mmoja wa kike alisema amelia kidogo bafuni na kwamba Mutindi aliona macho yake na hakuuliza. Yote yakaandikwa. Na mabaya yakaandikwa pia, msije mkadhani: choo kinanuka, jogoo anawika kabla ya wakati wake, pipa la maji moto linavuja. Mzee Thuo aliyasoma barazani, akicheka hapa, akiguna pale, na mwezi uliofuata alikuja na fundi. Bomba la moshi likajengwa upya.

Lakini wageni waliokasirika hawakukaa kunywa chai. Aliyekasirika alichukua kalamu yake mwenyewe mfukoni, akaandika amesimama, na aliandika kwa Kiingereza. Kiingereza cha vitabu vya wageni kina tabia yake. Huanza na asante ya nusu mstari, kikafuatia na "hata hivyo", kisha mtu mpole kabisa, baba wa watoto, anageuka mkaguzi wa serikali. Kurasa hizo Mzee Thuo alizifunua haraka haraka, na Mutindi naye hakuweza kumsaidia.

Mwaka wa 1974 Wanjiro, binti wa pili wa Mzee Thuo, alikwenda kusoma Uingereza. Alimwandikia baba yake kila baada ya wiki mbili, barua nene, kwa Kiingereza, kwa kuwa shule za bweni zilikuwa zimemkausha lugha nyingine zote, kikabaki Kiswahili cha kuongea tu. Mzee Thuo angeweza kumpa karani yeyote wa Sultan Hamud amsomee. Lakini karani ana mdomo, na tena, mtu anampaje karani moyo wa mtoto wake? Alizibeba barua hizo hadi Mbooni. Alizifungua barazani, akazinusa, akazilaza juu ya goti.

"Unafikiri anasema nini?" alimuuliza Mutindi.

Mutindi naye alikuwa hajui hata herufi za Kiingereza zinavyotamkwa. Lakini alikaa chini akajaribu. "Anasema kuna baridi kuliko hapa. Anasema chakula chao hakina chumvi."

"Na hii ndefu?"

"Hiyo anakueleza habari za masomo. Anasema amekukumbuka."

Wakawa wanakisia hivyo, mwezi hadi mwezi, watu wazima wawili na karatasi. Kuna siku alikuja na barua nyembamba, karatasi moja tu, maandishi yake yamelala upande mmoja. Mutindi akasema labda ameona theluji na mikono imemganda, na Mzee Thuo akacheka sana, akasema ndiyo, hakika ni theluji. Majibu alikuwa nayo ya namna moja. Alikuwa na mstari wa Kiingereza alionakili kutoka kwenye kadi: kwamba yuko salama, na aendelee na kazi kwa bidii. Aliutuma huohuo kwa miaka sita.

Mzee Thuo alifariki Februari ya 1984. Mazishini Wanjiro alisimama mbele ya umati wa Sultan Hamud, amevaa nyeusi, akasema baba yake alikuwa mtu wa maneno machache, lakini hakuna barua hata moja aliyomwandikia kutoka Uingereza ambayo hakuisoma. Mutindi alikuwa nyuma, na akina mama wa kanisa. Aliangalia chini mpaka wimbo ulipoanza.

Nyumba ya Mbooni ikamwangukia Wanjiro. Hakuwa mtu mbaya, na yeyote anayetaka kumfanya mbaya atafute hadithi nyingine. Alikuwa na kazi Nairobi, alikuja mara mbili kwa mwaka, alimletea Mutindi sukari na sweta. Kitabu cha wageni hakukifungua. Mutindi aliendelea na utaratibu uleule, kwa kuwa hakuna aliyemwambia auache, na kwa kuwa sasa alikuwa na miaka hamsini na kukaa na mgeni, chai katikati yao, penseli ikitembea, ndiko kulikompendeza kuliko kitu kingine chochote duniani.

Mwaka wa 1986 wakala mmoja wa Nairobi alianza kuchapisha kijitabu cha nyumba za mapumziko. Kila nyumba ingewekewa picha na maneno ya wageni waliowahi kukaa. Wanjiro akapanda Mbooni Jumamosi moja, akakaa barazani na kitabu kile cheusi tangu asubuhi hadi saa nane. Mutindi alimpelekea chakula kikapoa. Alipoitwa, alikwenda akiifuta mikono, na alikuwa na furaha, maana alidhani zamu yake ya kusifiwa imefika.

"Mama Kavata, kaa chini."

Akakaa.

"Nimesoma hii kitabu yote. Za English nimepata kumi na saba. Kumi na nne ni malalamiko." Wanjiro akafungua ukurasa wa mwaka uliopita. "Kama huyu, Mutie wa Machakos. Anasema taulo zimezeeka, maji moto ni ya bahati, na mwenye kutunza nyumba ana roho nzuri lakini hajafundishwa kazi."

Mutindi alimkumbuka Mutie siku ile. Alikuja na wenzake wawili wa ofisini, wote na tai, wana haraka. Hakunywa chai. Aliandika amesimama, wenzake wakichungulia begani. Kisha akamfuata Mutindi jikoni peke yake, akamshika mikono yote miwili, akasema, "Ni muvea, mwaitu." Ndivyo alivyosema, asante, mama yangu, na macho yake yalikuwa mekundu kidogo.

"Huyo aliniita mama," Mutindi alisema. Hakuelewa. Ilimuuma kuliko kofi.

"Na hizi zingine," Wanjiro akafunua, akafunua, "zote ni Kikamba, na zote ni mwandiko mmoja. Ni yako, ama si yako?"

"Ni yangu."

"Mwalimu Muthama, jirani yako, alipita hapa akanisomea tatu. Zote zinakusifu."

"Kuna ya choo. Kuna ya jogoo."

"Mama Kavata!" Wanjiro alishusha sauti, alikuwa anaona aibu kwa niaba yake. "Watu na digrii zao, wanaandikiwa? Hawana mikono? Hakuna signature hata moja. Nikipeleka hii kwa wakala atasema nini? Atasema mtunzaji amejisifu mwenyewe miaka ishirini."

"Walisema wao, mimi nikaandika."

"Kwa nini? Nani alikuambia ufanye hivyo?"

Mutindi aliuangalia mwandiko wake kitabuni. Mdomo wake ulikuwa na jibu lote, na lilikuwa fupi. Wanjiro alingoja. Kisha akafunga kitabu, akakichukua, akasema atarudi Jumamosi ijayo, na kwamba Mama Kavata afikirie vizuri. Hakutaka kumfukuza mtu aliyemtumikia baba yake, lakini nyumba hawezi kumwachia mtu asiyesema kweli.

Wiki ile Mutindi alifua mashuka yasiyo na uchafu. Alipalilia maua. Mwalimu Muthama, jirani yake na mzee wa kanisa, alikuja kusimama mlangoni, amebeba kofia yake mkononi, kwa sababu alikuwa amesoma zile kurasa tatu kwa nia njema na sasa alikuwa ameshaona zilikomfikisha Mutindi.

"Mimi mwenyewe uliniandikia," alisema. "Mwaka wa sabini na moja. Nimemwambia Wanjiro. Anasema mimi ni jirani yako, na ni wa kanisa lako, ningesema nini kingine? Mutindi, kuna sababu ya haya. Mtu kama wewe hafanyi jambo miaka ishirini bila sababu. Iseme."

"Hakuna, Mwalimu."

"Basi watasema wewe ni mwongo."

"Najua."

Alijua kweli. Usiku hakulala na mchana hakula. Alijaribu kujiambia kwamba wafu hawaaibiki, kwamba Mzee Thuo mwenyewe, kama angemwona hivi, angemfungulia ile ahadi na kusema nenda, sema, okoa jina lako. Ijumaa jioni alikuwa amekata shauri. Angesema. Angelisema taratibu, kwa heshima, kwamba baba yako alikuwa mtu mwenye akili nyingi ila kulikuwa na jambo moja. Aliyapanga maneno hayo kwa Kiswahili akiyarudia jikoni, kwa sababu Wanjiro Kikamba hakukijua.

Jumamosi Wanjiro alikuja bila kitabu. Alikaa kwenye ngazi za baraza, si kwenye kiti, na alionekana amechoka.

"Mama Kavata, nimefikiria sana. Nataka kukuuliza kitu kimoja. Ni Baba alikuambia uandike hivyo? Kama ni Baba, sema tu. Nitaamini, na funguo zitabaki na wewe."

Mlango ulikuwa wazi namna hiyo. Mutindi alivuta pumzi aanze.

"Kwa sababu Baba namwamini kuliko mtu yeyote," Wanjiro akaendelea, akiangalia miti ya plamu. "Nitakuambia kitu, sijui kwa nini nakuambia wewe. Nikiwa London nilipoteza mtoto. Alizaliwa amekufa. Sikuwa nimeolewa, hakuna mtu alijua, hata Mama hajui mpaka leo. Nilimwandikia Baba peke yake. Page moja tu, sikuweza zaidi. Nilikuwa nataka kujitupa kwa mto. Yeye akanijibu mstari wake uleule, niko salama, endelea na kazi kwa bidii. Hakunilaumu. Hakuniuliza ni nani. Nikasema, Baba amesoma, Baba anajua, na bado ananiambia niendelee. Hiyo ndiyo ilinitoa kitandani. Mpaka leo nikikwama najiambia, Baba alijua yote na akasema endelea."

Mutindi aliiona ile karatasi moja juu ya goti. Aliuona mwandiko uliolala upande mmoja. Alijisikia mwenyewe akisema theluji, na akasikia walivyocheka, wote wawili, wakiwa wamekaa palepale alipokaa mtoto huyu sasa. Moyo wake ulipasuka, na kama kuna neno jingine la jambo hilo silijui. Kila alichokuwa amekipanga jikoni kilimtoka.

"Kwa hivyo, Mama Kavata. Ni Baba?"

"Hapana," alisema Mutindi.

"Nani, basi?"

"Hakuna mtu. Ni mimi. Nilikuwa nataka kuonekana."

Inaonekana Wanjiro alikuwa amekuja akitumaini jibu jingine, maana alifunika uso kwa kiganja. "Baba angejua," alisema, "angehuzunika sana."

"Angehuzunika," Mutindi aliitikia, na hapo hakudanganya.

Alizitoa funguo kwenye mkanda wa leso, zote sita, akaziweka kwenye ngazi. Alitaka kumshika yule mtoto mkono, amwambie pole ya yule kichanga, pole iliyochelewa miaka kumi. Lakini mtu aliyekubali kuwa mwongo hana ruhusa ya kumpa mtu pole. Akachukua sweta yake na sufuria yake moja, akashuka njia ya kwao.

Habari ikashuka mlima upesi kuliko yeye. Wala haikuwa na ukali. Watu wa Mbooni hawakumtukana. Walinyamaza tu alipopita. Akina mama wa mwethya waliendelea kumlimia zamu yake ilipofika, lakini barua zao wakaanza kuwapelekea wajukuu waliokuwa darasa la saba. Benchi la mbele kanisani hakunyimwa. Aliliacha mwenyewe, akahamia karibu na mlango, akasema ni kwa sababu ya kifua. Kavata, aliyekuwa ameolewa Sultan Hamud na aliyeisikia hadithi hiyo sokoni, alikuja akiwa amekasirika, akamuuliza mama yake mara moja tu kama ni kweli. Mutindi alimwambia ni kweli. Kavata alilia, akapika, akafagia uwanja, akarudi kwake. Hicho ndicho kilichomwumiza kuliko vyote, kwamba hata mtoto wake aliamini.

Kijitabu cha wakala kilitoka na picha ya nyumba. Maneno ya wageni waliyoyaweka yalikuwa ya Kiingereza, na inasemekana yalikuwa mazuri.

Mwaka wa 1991 kifua kilikuwa cha kweli. Mutindi alijua, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kupanga mambo, alimwita Mwalimu Muthama aje amwandikie ile historia ya maisha ambayo husomwa mtu akizikwa, ili watoto wa watu wasihangaike kuuliza tarehe. Mwalimu alikuja mchana na karatasi mbili na kalamu ya wino. Akaketi kando ya kitanda. Mutindi akawa anasema kwa Kikamba na yeye anaandika kwa Kikamba. Aliandika alipozaliwa na jina la baba yake. Aliandika ubatizo. Aliandika Mbuvi, na mti, na Kavata.

"Elfu moja mia tisa sitini na sita," Mwalimu alisema, akafungua mstari mpya. "Hapo ndipo ulipoingia nyumba ya wageni."

"Andika nilikuwa nalima."

Kalamu ikasimama. "Mutindi, ni miaka ishirini hiyo. Mimi nilikuwapo. Nilikunywa chai pale."

"Najua ulikunywa. Andika nililima." Alikohoa, akangoja kifua kitulie. "Kavata atakuwa amekaa mbele, na watu watakuwa wanamtazama. Usimwekee jambo la kuinamishia kichwa."

Mwalimu Muthama alitaka kubisha. Kisha akainama, akaandika kwamba kuanzia mwaka ule alilima shamba lake, akamsomea mstari huo kwa sauti, na Mutindi akasema ndivyo.